Sahihi za Arobaini ya Kasimiri

Flaviana alikuwa hawezi kula peke yake. Chakula kikiwa tayari na mlangoni hakuna mtu, alikuwa anafunika sufuria, anatoka mpaka kwa jirani, anaita. Chumba chake cha kupanga kule Temeke kilikuwa na kitanda, kabati na viti viwili basi, lakini Jumapili ungekuta humo watu kumi na wanne, wengine kitandani, wengine juu ya ndoo zilizopinduliwa, na yeye katikati yao na mwiko mkononi, anawapa habari za nani kaachwa na nani na nani alimkuta nani. Miaka kumi na tisa aliishi hivyo. Na miaka yote hiyo alikuwa na nusu ya nyumba Boko.

Nyumba yenyewe waliijenga wawili, yeye na kaka yake Kasimiri, enzi hizo Boko ni mikorosho na mapori. Hati ina majina yote mawili. Kasimiri akahamia na mkewe Sekela, Mnyakyusa wa Tukuyu, mrefu, mpole, mchache wa maneno. Flaviana akasema, mie nitakuja baadaye, nimalizie biashara zangu za mjini. Hiyo baadaye haikufika. Kila akienda kutembea alikuwa anaipima ile sebule kwa macho: hapa vinaingia viti ishirini. Barazani, mikeka miwili. Ukumbi wote huo wanakaa watu wawili, hawana mtoto, jioni wanasoma kitabu.

Kitabu kimoja, hichohicho.

Kabla ya kuja Dar, Kasimiri alikuwa dereva wa lori la misheni huko kusini. Wamsumbiji walipokuwa wanapigana wenyewe kwa wenyewe, yeye alikuwa anavuka Ruvuma kupeleka dawa, na safari moja akakutwa na mapigano ya Kivuko cha Namatili. Asubuhi alikuwa ameleta majeruhi kumi na mmoja, akawalaza ukingoni mwa mto. Mchana wanajeshi wakalijaza lori lake masanduku ya risasi, wakamwambia ondoka sasa hivi. Wale majeruhi walikuwa wanamjua kwa jina. Wakamwita. Akaondoka.

Padri mmoja mzee aliyekuwepo siku ile ndiye aliyekuja kuandika kitabu cha mapigano hayo, kwa Kiswahili. Misheni ikachapa nakala chache. Ghala likaungua, padri naye akafa. Lakini nakala ya Kasimiri ilikuwa imeshatoka, na padri alikuwa ameitia sahihi kwa mkono wake. Tena kwenye zile kurasa mbili nyeupe za mwanzo alichora kwa wino ramani ya kivuko: mto, lori, na misalaba kumi na mmoja midogomidogo, kila mmoja na jina pembeni. Majina hayo hayakuchapwa mahali pengine popote. Chini yake aliandika: *Kwa Kasimiri, aliyekubali kusema.*

Kila mwaka, tarehe ya Namatili, Kasimiri alikuwa anaalika watu Boko. Kabla ya kupakua, anasimama pale kwenye mlango wa sebule, anafungua kitabu, anasoma majina kumi na moja, na baada ya kila jina anatulia kidogo. Watu sahani mikononi, harufu ya pilau inawatesa. Mwaka mmoja Flaviana alishindwa kuvumilia.

"Kaka, pilau linapoa. Hao wameshakufa."

Watu walicheka. Kasimiri alirudia lile jina alilokatizwa, akaendelea.

Basi na Kasimiri mwenyewe akafa. Moyo, bafuni, Jumanne asubuhi.

Siku ya tatu baada ya mazishi ukoo ulikaa kikao palepale Boko, chini ya uongozi wa mjomba Albano, mzee wa Kinyerezi, ambaye ndiye aliyekuwa amebaki mkubwa wao. Flaviana hakuzunguka.

"Mjomba, mie nina miaka hamsini na nane. Nitakufa kwenye chumba cha kupanga wakati nina nyumba? Nusu ni yangu. Hiyo nusu ya kaka, wifi tumpe ile mikorosho yetu ya Newala, aende akaokote korosho zake kwa raha."

"Newala?" akasema Sekela. "Newala namjua nani, wifi?"

"Utawajua. Wamakonde ni watu wazuri."

Kicheko kikapita. Sekela akasubiri kiishe. "Kama mtaniruhusu," akasema, "nitainunua nusu ya wifi. Kasimiri aliniambia nikibanwa niuze kile kitabu."

Hapo kicheko kilikuwa kikubwa zaidi. Flaviana ndiye aliyecheka kuliko wote, mpaka akajipangusa macho kwa ncha ya kanga. Kitabu! Kitabu kinanunua bawaba ya mlango? Akasimama, mikono kiunoni, akasema mbele ya wote: "Sikilizeni nyie, muwe mashahidi. Wifi akileta pesa za nusu yangu kabla jua la arobaini halijazama, nasaini hati naondoka. Asipoleta, mikorosho."

"Umesema wewe mwenyewe," akasema mjomba Albano. "Hakuna atakayerudi nyuma, si wewe si yeye."

Wakashikana mikono.

Wiki ya tano Flaviana alikuwa Boko kupanga mambo ya arobaini, mara ikaingia gari, akashuka kijana mtanashati, anaitwa Benson, Sekela ndiye aliyempigia simu. Kazi yake kutafuta vitabu vya zamani kwa ajili ya watu wa nje wanaovikusanya. Akavaa glavu nyeupe. Flaviana alikuwa anamimina chai. Glavu zilimchekesha, akataka kumuuliza kama amekuja kuzalisha. Kijana akafungua kitabu, akatoa lenzi, akainamia ile ramani muda mrefu. Alipoinuka sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mama, hii ndiyo yenyewe. Nakala iliyobaki ni hii tu, ina sahihi ya padri, ina ramani kwa mkono wake. Kuna mzee mmoja Lisbon, hajaacha kuitafuta."

Akataja bei.

Flaviana akaketi na birika mkononi. Ile bei ilikuwa inanunua nusu yake, na chenji ya kupiga rangi.

"Lakini bei ni hizi kurasa mbili," Benson akasema, akimtazama Sekela machoni. "Zikiguswa na kalamu, na maji, hata mtoto akichora mstari mmoja, kitabu hiki ni cha kufungia karanga. Nitakuja siku hiyohiyo ya arobaini, saa nane, na pesa yote."

"Kitakaa sandukuni," Sekela akasema. "Hakitatoka."

Usiku ule Flaviana hakulala, na siku zilizofuata watu wakija kwake alikuwa anawapikia lakini hana hadithi. Shoga yake Hamida, jirani wa miaka yote, akamshangaa.

"We, vipi? Umemeza mwiko?"

"Najisikia kuchoka tu, shoga."

"Utachoka vizuri arobaini ikishapita. Turubai mmepata? Viti? Na kile kitabu cha wageni kusaini, mmeshanunua? Msiba wa kina Nurdin walisahau, watu wakasaini kwenye karatasi za kufungia maandazi, aibu!"

Flaviana alikuwa anachambua mchele. Mkono ukasimama juu ya ungo.

"Kitabu kipo," akasema baadaye kidogo. "Kipo tayari."

Na hamu ya kula ikamrudia palepale. Hamida anasema alikula sahani mbili.

Sasa, siku ya arobaini kwa mjane inajulikana. Alfajiri wanawake wanamwingiza chumbani, wanamwogesha, wanamvua nguo nyeusi, wanakaa naye humo na nyimbo na maombi, hatoki mpaka mchana, na anapotoka anatoka na nyeupe. Na sanduku la nguo za marehemu anayelifungua ni dada yake, kwa sababu ndiye anayezigawa kwa ndugu. Ufunguo wa sanduku Sekela alimpa Flaviana mwenyewe, mkononi, kabla mlango haujafungwa.

"Wifi, kitabu kiko chini kabisa, nimekifunga kwenye kitenge. Naomba usikitoe."

"Nikitoe nikipeleke wapi, wifi yangu? Nenda ukaoge."

Mashati akayaweka upande huu, suruali upande ule, makoti kwa wajomba. Chini kabisa, kitenge cha bluu. Akakifungua. Akaenda na kitabu mpaka chini ya turubai, kwenye ile meza ya mlangoni yenye kitambaa cha lesi, picha ya marehemu na maua ya plastiki. Akakifungua kwenye zile kurasa mbili. Akachukua rula. Akapiga mistari minne kutoka juu mpaka chini, juu ya mto, juu ya lori, juu ya misalaba, mistari imenyooka kabisa. Akaandika vichwa: *Jina. Atokako. Maoni. Sahihi.* Kalamu akaifunga kwa uzi kwenye mguu wa meza, maana kalamu za misibani huwa zinaibiwa.

Kisha, kwa kuwa Flaviana hajawahi kukubali kuwa wa pili kwenye shughuli yoyote, akasaini wa kwanza. *Flaviana. Temeke. Kaka umetuachia pengo.* Na namba ya simu, kwa anayetaka kumpa pole.

Saa nne watu wakaanza kumiminika. Wa Wazo, wa Tegeta, wa Kinyerezi, mafundi vinyago wa Mwenge ambao Kasimiri alikuwa anawaletea magogo ya mpingo, kwaya nzima. Flaviana akasimama mezani, amependeza, anapokea.

"Karibuni, karibuni, poleni na safari. Saini hapa, kaka yangu, tujue umekuja."

"Mbona kuna michoro humu?"

"Pambo hilo. Andika juu yake tu, nafasi ndogo."

"Na hivi vimisalaba?"

"Si msiba? Ulitaka vipepeo?"

Wakacheka, wakasaini. Kitabu kilikuwa wazi mezani, kina jina la Kasimiri, kina maneno ya heshima na sahihi ya padri. Nani angedhani ni kitu kingine? Wengi walikuwa wanakijua kwa mbali tu, kikiwa mkononi mwa mwenyewe. *Pumzika kwa amani. Mbele yako nyuma yetu. Daima tutakukumbuka, dereva wetu.* Hamida akaweka ua kwenye herufi ya mwanzo ya jina lake. Mjomba Albano macho yake hayaoni karibu. Flaviana akamshikia mkono, akamwonyesha mstari. Mzee Mashaka wa Wazo, mchoma mkaa, hajui kuandika, akaomba wino. Flaviana akavunja mrija wa kalamu nyingine, akampaka kidole gumba, akakichukua kile kidole na kukikandamiza mwenyewe pale chini, juu ya sahihi ya padri.

"Hapo baba. Kaa ukale sasa."

Walipofika themanini na sita, nafasi ikaisha, wa mwisho akaandika pembeni kwa kugeuza kitabu.

Saa saba na nusu vigelegele vikatoka chumbani. Sekela akatoka na gauni jeupe na kilemba cheupe, uso umekonda lakini anatabasamu kidogo, siku ya kwanza tangu msiba. Watu wakampungia. Sufuria zilikuwa zimeshafunuliwa, sahani zinatembea. Na Benson naye huyo, amewahi, ana mkoba mweusi, glavu zimechungulia mfukoni.

"Shikamoo mama. Tuko tayari?"

"Marahaba, mwanangu. Ngoja nikuletee."

Akaingia ndani. Akatoka mikono mitupu.

"Wifi. Sandukuni hakimo."

"Nini?" Flaviana alikuwa anapakua, mgongo kwake.

"Kitabu."

"Aa, kitabu!" Akageuka, akapaza sauti watu wote wasikie. "Si hicho mezani, wifi! Watu wanasaini tangu asubuhi. Mie nimekikuta kina sahihi na jina la marehemu, nikajua umekiandaa. Kwani sicho?"

Sekela hakukimbia. Alitembea mpaka mezani, akasimama, akatazama chini. Mkono wake mmoja ulishika ule uzi wa kalamu, ukawa unauvuta polepole, mpaka ukakatika.

Benson akavaa glavu zake hata hivyo. Labda ni mazoea. Akainama na lenzi na taa ya simu, akafuata mstari mmoja wa rula kutoka juu hadi chini, akafika kwenye kidole gumba, akaizima taa. Akazivua glavu, moja moja.

"Wino wa kalamu hautoki, mama. Ningekuja jana..." Hakumaliza. "Pole sana."

Gari likasikika linarudi nyuma, linageuka, linaondoka.

Mjomba Albano ndiye aliyesimama. "Flaviana! Umefanya nini?"

"Mie? Mie nimefanya nini, mjomba?" Alikuwa bado na upawa. "Mie nimesaini jina moja. Mengine themanini na tano nani kaandika? Lako ni la tatu, angalia. Kila mtu humu yumo. Anayetaka kunihukumu kwanza akafute la kwake."

Mjomba Albano akakaa. Kila mtu alikuwa anatazama sahani yake.

Ndipo Sekela akachukua kitabu, akaenda nacho mpaka kwenye mlango wa sebule, pale alipokuwa anasimama marehemu. Akakifungua, lakini hakukitazama. Akataja majina kumi na moja ya watu wa Namatili kwa kichwa, moja moja, anatulia baada ya kila jina, kama Kasimiri. Watu wakadhani amemaliza. Sasa ndipo akayateremsha macho kwenye kurasa.

"Flaviana, wa Temeke," akasoma. Akatulia.

"Hamida, wa Temeke." Akatulia.

"Albano, wa Kinyerezi."

Akaendelea hivyo. Hakupaza sauti, hakuharakisha, hakuruka mtu. Aliyetajwa alikuwa anainamisha kichwa, sahani imeganda mkononi. Mwanakwaya mmoja akaanza kulia. Sekela akamsubiri anyamaze, akataja la kwake. Alipofika chini akasimama.

"Hiki kidole cha nani?"

"Changu, mama," akasema Mzee Mashaka kwa nyuma.

"Jina lako?"

"Mashaka."

"Wa wapi?"

"Wa Wazo, mama. Nisamehe, mie niliambiwa..."

"Mashaka, wa Wazo," akasema Sekela, na akatulia muda uleule aliowapa wengine.

Alipomaliza la themanini na sita, pilau lilikuwa limeshika mafuta meupe juu. Akaja mpaka kwa Flaviana, akamwekea kitabu kwenye mikono.

"Nyumba yako, wifi. Na kitabu chako."

Mikorosho aliikataa. Kabla jua halijazama alikuwa ameshatoka na begi moja. Siku hizi yuko kwenye chumba kimoja Kinyerezi, upande ule wa mitambo ya umeme, anauza vitumbua asubuhi. Mjomba Albano anakaa mitaa miwili kutoka hapo na akimwona anazunguka njia nyingine.

Flaviana akahamia Boko. Akanunua viti ishirini. Jumapili ya kwanza hakuja mtu. Alifunika sufuria, akatoka mpaka getini, akaita, majirani wakaitikia wakiwa ndani. Jumapili ya pili hivyohivyo. Ya tatu akaja Hamida, kwa kuwa Hamida umbea uliopo Boko hawezi kuukosa. Ya nne wakaja watano. Watu ni watu, na pilau la Flaviana lina sifa. Mwezi wa tatu viti ishirini vilikuwa havitoshi, mikeka imetandikwa, vicheko vinasikika mpaka barabarani. Wakampa na jina, Mama Sahihi. Aliyelianzisha hajulikani. Akipita dukani, "Mama Sahihi, shikamoo!" Mgeni akiaga utamsikia, "Leo tunasaini wapi?" na nyumba nzima inalipuka, na Flaviana anacheka nao kwa sauti kuliko wote, maana asipocheka watarudi makwao.

Kisha ikafika tarehe ya Namatili. Yeye hakuikumbuka, ilimwangukia Jumapili, nyumba imejaa. Chakula kikaletwa, vifuniko vikafunuliwa, akasema karibuni. Mkono wa mtu hata mmoja haukwenda kwenye sahani. Mzee Mashaka alikuwa amesimama, kofia mkononi, anatazama mlango wa sebule. Mmoja baada ya mwingine na wengine wakageuza shingo huko. Miaka mingi walishazoea hivyo, siku hii hailiwi mpaka yasomwe.

"Nyie mna nini?" Flaviana akauliza.

"Majina," akasema Mzee Mashaka.

Akacheka. Hakucheka mwingine. Akajaribu kukumbuka hata moja. Miaka kumi na tisa ameyasikia, kila mwaka, na hakuna hata moja lililobaki. Akaingia chumbani, akakitoa kitabu chini ya kabati, akaja nacho mpaka mlangoni, akakifungua kwenye ramani. Akakisogeza kitabu karibu na macho. Msalaba wa kwanza, pembeni yake kulikuwa na herufi mbili za padri, halafu juu yake *Pumzika kwa amani*. Wa pili ulikuwa chini ya ua la Hamida. Wa tatu ulikuwa ndani ya mstari wa rula. Akashuka na kidole, akapanda, akageuza kitabu pembeni. Jina lililosomeka vizuri lilikuwa moja tu, la juu kabisa, lenye namba ya simu.

Watu wakasubiri. Wengine hawakuwa wanasubiri majina tena, walikuwa wanamtazama yeye tu, na midomo imeanza kuwacheza.

"Soma basi, Mama Sahihi," akasema Hamida kutoka kwenye mkeka. "Pilau linapoa. Hao wameshakufa."

Na nyumba ile iliyojaa ikacheka mpaka viti vikagongana.